Thelathini Kasoro Mbili

Usiku wa jana sikuota chochote, kwa sababu sikulala, nilikuwa zamu. Ndoto yangu ikakaa ikanisubiri, na leo saa saba mchana, nilipoegemeza shavu kwenye meza ya chumba cha mashine ya siti skani, ikanijia yote kwa mkupuo, kama mtu aliyechoshwa na foleni.

Kabla ya ndoto, niseme ya asubuhi.

Mimi naitwa Tusekile. Ni mpiga picha za mionzi. Nilisomea chuoni miaka mitatu na kufaulu vizuri, isipokuwa mtihani wa mdomo, ambao msimamizi aliuandikia hivi: "Majibu yanaonekana kuwa sahihi. Hayasikiki."

Tuna mgonjwa anaitwa Ambakisye. Alikuwa akipuliza tarumbeta katika bendi ya kanisa lao huko Rungwe, mpaka bodaboda ilipomtupa kwenye kalavati, na taya lake la juu likaunga vibaya, limerudi nyuma upande wa kulia. Akipuliza sasa, upepo unatokea pembeni. Leo saa tisa alasiri Daktari Shekilindi alipanga kulikata taya hilo, kulisogeza mbele na kulifunga mahali pake. Hukata kwa patasi nyembamba, akiufuata ukuta wa pua kwenda nyuma. Nyuma huko, ndani ya mfupa, kuna mshipa wa damu unaoteremka kuja kwenye kaakaa. Patasi haitakiwi kuufikia. Kazi yangu ni kupima kwenye picha na kusema: kutoka ukingo wa tundu la pua, patasi iingie milimita ngapi, iishie hapo.

Kushoto nilipata thelathini na tatu. Kulia, kule kulikorudi nyuma, ishirini na nane.

Ila nyumbani kwetu hatusemi ishirini na nane. Mama yangu anauza mayai sokoni Tukuyu, na mimi nilijifunza kuhesabu kwenye trei zake. Trei ina mayai thelathini. Yakivunjika mawili, ni thelathini kasoro mawili. Mpaka leo kichwa changu kinahesabu kutoka kwenye trei.

Mtandao wa hospitali ulikatika tangu alfajiri na printa ilikuwa imetafuna karatasi ya majibu, kwa hiyo nikapiga simu thieta, kwa Sista Lugano.

"Shikamoo Sista."

"Marahaba mwanangu. Sema kwa sauti, huku wamewasha jenereta."

"Ni vile vipimo vya Ambakisye. Kushoto thelathini na tatu."

"Thelathini na tatu, nimeandika. Kulia?"

"Kulia thelathini kasoro mbili."

"Thelathini na mbili. Haya, ubarikiwe."

Nikafungua mdomo. Simu ilikuwa imeshakatwa.

Ningeweza kupiga tena. Mpaka kufika saa saba niliinua simu mara tatu. Mara ya kwanza nikawaza, atakuwa amenielewa. Mara ya pili nikawaza, ana kazi nyingi. Mara ya tatu nikawaza, ataniuliza kwa nini sikumrekebisha palepale, nami sitakuwa na la kujibu. Nikaiweka chini. Nikajiambia nipumzishe macho dakika tano, halafu nitapiga.

Nikapumzisha macho.

"Binti," inasema sauti kutoka juu ya kabati. "Mimi nina kitako."

Nainua kichwa. Juu ya kabati lipo fuvu letu la plastiki la kufundishia. Tunaliita Bwana Mapengo, kwa sababu wanafunzi wa mazoezi walimng'oa meno mawili ya mbele. Ananitazama kwa matundu yote mawili.

"Shikamoo," namwambia, maana sijui umri wa plastiki.

"Marahaba. Nimesema nina kitako. Umeandika mwenyewe kwenye daftari lako la chuo, 'kitako cha fuvu', ukapiga na mstari chini yake. Sasa niambie, kiumbe mwenye kitako hufanya nini?"

"Hukaa."

"Na mimi nimesimama juu ya kabati huu mwaka wa sita."

Ni kweli. Naona aibu. Nampisha kiti changu. Anashuka kutoka kabatini bila miguu, jambo ambalo halinishangazi, anakaa kitako na kushusha pumzi ndefu.

"Kumbe ndivyo mnavyoishi," anasema. "Haya. Asubuhi umemeza nini?"

"Chai na vitumbua viwili."

"Baada ya hapo."

Naitazama simu.

"Umemeza neno, binti. Nilikusikia kutoka juu. Ulisema 'thelathini', koo likafanya kwaa, halafu ukasema 'mbili'. Neno halisagiki tumboni. Halina chumvi wala mafuta. Linapanda juu, linakwenda kukwama nyuma ya taya, kwenye kauwazi kadogo mbele ya popo."

"Popo gani?"

"Mtaonana. Saa ngapi?"

Naitazama saa ya ukutani. Ni saa saba na nusu. Natazama tena, ni saa nane kamili.

"Unaona?" anasema Bwana Mapengo. "Neno hilo ndilo lililokuwa likizivusha saa. Umelimeza, sasa hazina namna ya kusema saa nane kasorobo. Zikifika nusu zinaruka. Saa tisa iko karibu kuliko unavyodhani. Ingia ukalitafute."

"Niingie wapi?"

"Kwani pua umeiona ya mapambo?"

Pua yake sasa ni mlango wenye umbo la peasi, na kimo changu hakifiki hata kizingiti cha chini. Nilidhani yeye amekua. Kumbe ni mimi niliyepungua.

"Hodi," nasema.

Kimya.

"Hodi."

"Nani ananitekenya puani? Bisha hodi kama mtu!"

"Hodi!"

"Karibu. Vua viatu."

Navua viatu vyangu vyeusi vya kamba, navipanga pembeni ya mlango, visigino vikiangalia nje, kamba nimezisokota ndani kama ninavyofanya siku zote. Naingia peku.

Ndani ni ukumbi wenye sakafu ya rangi ya waridi, unateleza kidogo. Ukutani kuna kibao: KAAKAA. Kwenye benchi yuko Ambakisye na tarumbeta yake mapajani. Anakaa. Ananyanyuka. Anakaa tena. Mashavu yake yamejaa kama puto mbili.

"Kwa nini unakaa mara mbili, kaka?" namuuliza.

"Sheria ya humu, dada. Kaa, kaa." Anaongea kwa shida, mdomo umejaa. "Ukikaa mara moja tu, unakuwa kaa." Ananionyesha kaa mmoja anayetambaa upandeupande kando ya ukuta, amevaa kofia. "Huyo alikuwa mlinzi."

Kaa anatikisa kichwa kwa uchungu. Ninakaa, nanyanyuka, nakaa tena haraka.

"Mashavu yako yana nini?"

"Mate. Jana kwenye mashine uliniambia nisimeze."

"Nilikwambia usimeze, halafu baadaye nikakwambia unaweza kumeza."

"La kwanza nililisikia," anasema Ambakisye. "La pili sikulisikia."

Nataka ardhi ipasuke, lakini ardhi ni kaakaa, na wanalitegemea. "Meza," namwambia. "Eti?" "Meza!" Anameza. Inachukua muda. Anajifuta mdomo kwa mkono wa shati.

"Mnatukataza sisi kumeza," anasema bila hasira, "kumbe wamezaji ni nyinyi." Anaipapasa tarumbeta. "Sikulaumu. Mimi nasubiri saa tisa tu. Jumapili ya mavuno bendi inapiga. Mama ameshanishonea suti, ameweka na vifungo vya dhahabu. Nikimwambia asubiri tuone, anasema, 'Tuone nini? Suti imeshaonekana.'"

Kabla sijamjibu, anaingia bwana mmoja mrefu, mwembamba, wa chuma kitupu, kichwa bapa. Mkononi ana nyundo ndogo.

"Habari za humu," anasema kwa adabu. "Mimi ni Patasi. Naulizia ukuta wa kulia."

"Unakwenda mpaka wapi?" namuuliza.

"Imeandikwa thelathini na mbili."

"Hapana. Ni thelathini…" Nalitafuta neno. Mahali pake mdomoni pana pengo. "…mbili."

"Ndivyo nilivyosema. Asante kwa kuthibitisha."

"Sikiliza. Ishirini na nane!"

"Hiyo siijui. Asubuhi haikutamkwa, na mimi nafuata kilichotamkwa." Anaiinua nyundo na kujigonga utosini, ngo! Anasogea milimita moja ndani ya ukuta. "Moja," anasema.

"Huwezi kufikiri kidogo?"

"Kichwa changu ni cha kugongwa, dada. Vya kufikiria viko kwenu." Ngo! "Mbili."

Natoa mfukoni ule mstari wa njano tunaoutumia kwenye kompyuta kupimia. Kwenye ndoto ni kamba. Naufunga kwenye kizingiti cha pua na kukimbia nao nyuma kwa kuufuata ukuta, na kamba inasema namba kila ninapopita. Ina sauti ya mama akihesabu mayai: kumi na tano, kumi na sita, hili limepata ufa, liweke pembeni. Ukuta ni mwembamba. Nikiugusa kwa kidole unalia kama ganda la yai.

Kwenye ishirini na nane kamba inakaza. Hapo pana ngazi nyembamba, na mwanamke aliyevaa nyekundu tangu utosini hadi unyayoni anateremka, kichwani ana ndoo iliyojaa mpaka ukingoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Niwie radhi, sisimami. Kazi yangu ni kuteremka."

"Ulianza lini?"

"Siku aliyozaliwa Ambakisye. Ni miaka ishirini na miwili sasa, na chini sijafika." Ngo! Ukuta unatikisika. Ndoo inacheza. "Naona tuna wageni. Nani huyo?"

"Patasi."

"Ataishia wapi?"

Natazama vidole vyangu vya miguu.

"Binti, nakuuliza kwa sababu nimebeba ndoo. Ikimwagika hii, humu ndani hakuna tambara la kutosha."

"Ataishia thelathini na mbili," nasema.

Anateremka ngazi mbili. Kisha anasema, kwa upole, na upole huo unaniumiza kuliko kama angenitukana: "Na wewe ndiye mpimaji."

"Ndiyo, mama."

"Ulipima vizuri?"

"Nilipima vizuri. Nilisema vibaya."

"Basi pita hapo nyuma yangu, ukakisake ulichomeza. Na ukimwona Popo, mwambie nataka ungo wangu. Tumekuwa majirani maisha yote, aliazima siku moja tu."

Nyuma ya ngazi kuna giza dogo, kama la ndani ya chungu. Popo ananing'inia hapo. Ni mkubwa, ametandaza mabawa kutoka upande mmoja wa kichwa hadi mwingine, na miguu yake miwili imelibana taya la juu kwa nyuma. Namtambua. Ni mfupa ule wa katikati ya kitako cha fuvu. Mwalimu wetu wa chuo alikuwa akiuita mfupa popo, nasi tukicheka.

"Ndege wananiita mnyama," anasema Popo, "wanyama wananiita ndege, na nyinyi mnaniita mfupa. Nimelishika taya hili kwa miguu usiku na mchana. Mmenipima urefu, upana na unene. Soda hamjawahi kuninunulia."

"Samahani. Mama wa ngazini anaulizia ungo wake."

"Ungo gani?" anasema Popo haraka mno. Anakunja bawa moja kufunika kitu cha mviringo. "Pita, pita, unachelewa."

Napita chini ya bawa. Ninakutana na ghala.

Ni trei za mayai, zimepangana kutoka chini hadi nisikoona. Kila shimo lina neno. Nainama kutazama, natambua mwandiko wangu. Ni yote niliyowahi kuyameza. Ipo ile "shikamoo" niliyompa Matroni mwaka juzi, ambayo haikumfikia, na ndiyo maana anasema sina adabu. Lipo "hiyo nyama ilikuwa yangu". Zipo "hapana" kumi na nne, zote mbichi. Kwenye kona, peke yake, bado lina joto, lipo "na mimi pia", ambalo nilipaswa kumjibu kijana mmoja kwenye ngazi za maktaba. Nalifunika kwa kiganja. Hata ndotoni naona haya.

"Acha kuyapapasa, yatakuwa viza," inasema sauti.

Juu ya trei ya mwisho, palipo na mashimo mawili matupu, ameketi mwanamke mfupi. Kanga yake haina pindo upande mmoja. Ana hereni moja. Miwani yake ina kioo kimoja, na kwa hicho kimoja ananitazama vibaya.

"Umekuja," anasema. "Nilikuwa nimeanza kutaga."

"Wewe ndiye…" Siwezi kulisema. Ndilo lenyewe.

"Ndimi Bi Kasoro. Ulinimeza mzimamzima, bila hata maji ya kunisukumia."

"Nisamehe."

"Nimezoea. Mimi sipendwi. Watu wakinitaja, wananitaja kwa uso uliokunjwa: nguo ina kasoro, mchumba ana kasoro. Mimi nasema ukweli tu. Trei imevunjika mayai mawili, mtu mwenye haya anaiuza kama nzima. Nani anakula hasara? Aliyeiamini."

Ngo! Mbali kidogo, Patasi anasema, "Ishirini na tatu."

"Bibi, tafadhali, twende."

"Tuende kwa miguu gani? Neno halitembei, mwanangu. Hutamkwa. Tena nikutangulizie sharti: ninapopita mimi, kitu hupungua. Kimoja chako nitaondoka nacho."

"Chukua chochote."

"Basi nitamke."

Navuta pumzi. "Kasoro," nasema.

"Hiyo ni pumzi," anasema Bi Kasoro. "Hata vumbi halijahama."

"Kasoro."

"Hiyo ni pumzi iliyovaa viatu."

Ngo! "Ishirini na tano." Trei zinagongana. Nje ya ghala nasikia maji ya ndoo yakipiga ukingo, na yule mama wa ngazini anasema, kama anayejisemea, "Mimi sisimami. Kazi yangu ni kuteremka."

Naanza kulia, kimyakimya, kama ninavyofanya kila kitu.

"Dada." Ni Ambakisye. Amekuja kwa kuufuata mstari wangu wa njano, tarumbeta kwapani. "Unatumia koo. Koo ni la kupitia tu. Hata kwenye bendi, wale wanaopuliza kwa koo hawafiki ubeti wa pili." Ananipa tarumbeta, anaweka kiganja chake juu ya tumbo lake mwenyewe. "Itoe hapa. Mimi upepo wangu unatoka pembeni. Wako hauna pa kuvujia, ila wewe umeuziba."

Ngo! "Ishirini na sita."

Naipeleka tarumbeta mdomoni. Ni baridi, ina ladha ya sarafu.

Ngo! "Ishirini na saba." Ukuta unavimba. Naona ncha ya chuma ikichungulia, bapa, yenye adabu, isiyofikiri lolote.

Ngo! "Ishirini na nane," anasema Patasi, na ananyanyua tena nyundo.

Nautafuta upepo wangu chini kabisa, chini ya chai na vitumbua, chini ya mtihani wa mdomo, chini ya "nisimsumbue mtu". Naupata. Umekaa kitako.

"KASORO MBILI!"

Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba cha siti skani. Mlangoni alikuwa Mwandime, mwenzangu wa zamu ya mchana, mkate nusu mdomoni. Nyuma yake foleni nzima ya wagonjwa ilikuwa ikinichungulia.

"Kasoro mbili nini?" aliuliza Mwandime.

Niliitazama saa. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi. Kasoro. Imerudi.

Nilipiga simu thieta. Iliita, ikaita. Nikaiacha ikiita na kukimbia. Nilipita maabara, nikapita dirisha la dawa, nikamruka mtu aliyekuwa anapiga deki. Ni kwenye saruji ya korido ya upasuaji, baridi kama barafu, ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa peku.

Kwenye mstari mwekundu wa thieta alisimama Sista Lugano, mikono kiunoni.

"Simama hapohapo! Huku hakuingiwi na via…" Alitazama miguu yangu. "Haya. Angalau wewe sheria unaijua."

"Sista, kulia ni thelathini kasoro mbili."

"Eti? Jenereta, mwanangu!"

Nikaweka kiganja tumboni.

"KULIA NI THELATHINI KASORO MBILI! ISHIRINI NA NANE! MKIFIKA THELATHINI NA MBILI MTAMWAGA NDOO!"

Naamini hata jenereta lilishusha sauti kidogo. Mlango wa ndani ulifunguka. Alitokea Daktari Shekilindi, barakoa usoni, glavu mikononi, amezinyanyua juu kama anayeomba dua. Nyuma yake nilimwona Ambakisye amelala mezani, tayari ameshapewa usingizi. Ubaoni, kwa wino wa buluu, upande wa kulia: 32.

"Ndoo gani?" aliuliza daktari.

"Mshipa, daktari. Nilikusudia mshipa."

"Vipimo alichukua nani?"

"Mimi."

"Na aliyekosea?"

Sista Lugano alifungua mdomo. Nilimuwahi. "Mimi. Nilisema kwa sauti ya chini, Sista akasikia vingine, nami nikajua kwamba amesikia vingine. Sikupiga tena."

Daktari aliigeukia ile 32 ubaoni. "Kesho asubuhi wewe na mimi tutazungumza," alisema. "Si mazungumzo mazuri. Lakini umekuja kabla sijashika chuma. Sista, futa."

Sista akafuta. Akaandika 28, kubwa, akaichorea na duara. Daktari akaagiza alama kwenye patasi isogezwe. Mlango ukafungwa.

"Kumbe sauti unayo," alisema Sista Lugano, akinitazama kama mtu anayemtazama kuku jike aliyewika. "Ulikuwa umeiweka akiba ya nini?"

Nilikaa kwenye benchi la korido mpaka mwisho. Kila mara nilinyanyuka na kukaa tena. Mtu aliyepita angedhani nina wasiwasi tu. Saa kumi na mbili kasoro Sista alitoka, akavua kofia.

"Salama," alisema. "Taya limekaa. Daktari amesema mshipa aliuona kwa macho, upo palepale uliposema, haukuguswa. Mama yake Ambakisye anauliza kama suti itamtosha na bandeji."

Nililia. Safari hii ilisikika. Matroni alikuwa anapita, nikasimama, nikamwamkia kutoka tumboni, "SHIKAMOO MATRONI!" Aliangusha faili zote.

Nilirudi kwenye chumba chetu kuchukua mkoba. Mwandime alikuwa amesimama katikati ya chumba, anajikuna kichwa.

"Tuse, nani kamshusha Bwana Mapengo?"

Fuvu lilikuwa kwenye kiti changu. Limekaa kitako.

"Mimi sijui," nilisema.

"Na wewe kwa nini umemvulia kiatu?"

Nikasogea. Mbele ya tundu la pua, kimepangwa vizuri, kisigino kinaangalia nje, kamba imesokotwa ndani, kilikuwepo kiatu changu cheusi cha kushoto.

Tulitafuta chini ya meza, nyuma ya kabati, ndani ya kapu la taka. Mwandime aliinamisha hata mashine. Mimi nilijua, lakini nilimwacha atafute, kwa heshima. Kisha nikakivaa kile kilichokuwepo, nikamuaga Bwana Mapengo kwa sauti, nikatoka kwenda nyumbani na jozi yangu, kasoro kimoja.